Maswali Yenu: Kipimo kimoja mgonjwa, kingine mzima, niamini kipi?

SWALI: Habari dokta. Mbwa wangu jike ana miaka 4, wiki iliyopita kaanza kususa chakula, amelegea tu, na siku chache kabla nilimtoa kupe kibao masikioni. Nikampeleka kliniki wakampima kwa kile kipimo cha haraka cha kudondoshea damu, ikatoka mistari miwili, wakasema ana babesia, homa ya kupe. Kesho yake nikampeleka kwingine, wakaangalia damu kwenye hadubini wakasema hawaoni kitu. Sasa hapo nani muongo? Na sindano achomwe au asichomwe?

JIBU: Pole sana, najua hali ya kumwangalia mnyama amelala tu huku majibu yanagongana. Ila hakuna muongo hapo, hao watu hawakupima kitu kimoja.

Vile vipimo vya mistari vya babesia vingi havitafuti kimelea chenyewe, vinatafuta kingamwili, yaani zile silaha mwili unazotengeneza ukishavamiwa. Shida ni kwamba kingamwili hazijui kalenda. Mbwa anaweza kupona kabisa na bado zikawemo kwenye damu miezi mingi tu, na mwingine akawa ndo kwanza ameanza kuumwa, yuko hoi, mwili wake haujawahi kuzitengeneza bado, kipimo kikasema mzima. Kwa hiyo mistari yako miwili huenda ina maana mbwa huyu ameshakutana na babesia, lini, hiyo haisemi.

Hadubini ni kinyume chake. Kimelea kinakaa ndani ya chembe nyekundu, na mtu anayeijua kazi yake akikiona basi mjadala umeisha. Asipokiona hapo ndo watu wengi wanakosea, wanadhani mbwa mzima, kumbe vimelea ni vichache mno au damu ilichukuliwa kwenye mshipa mkubwa wakati chembe zenye vimelea zinapenda kujazana kwenye vile vimishipa vidogo, ndiyo maana tone la kwenye ncha ya sikio mara nyingi linafaa zaidi. Na kuna babesia kubwa na ndogo, ile ndogo inayoitwa Babesia gibsoni hata jicho zoefu inalipita. Halafu hujaniambia kama kliniki ya kwanza walishamchoma dawa, maana kama walimchoma, hiyo hadubini ya kesho yake usiitegemee sana.

Sasa ufanyeje. Omba wapime damu nzima, waangalie kama chembe nyekundu na plateleti (zile chembe za kugandisha damu) zimeshuka, na wewe mwenyewe mfunue mdomo uone ufizi, ukiwa mweupe au mkojo umekuwa wa kahawia usisubiri hata kesho. Pia omba PCR, hiyo inatafuta vinasaba vya kimelea chenyewe, inaona hata vile vichache ambavyo hadubini haivioni (japo mbwa aliyekaa na ugonjwa muda mrefu anaweza kuikwepa hata hiyo), na inaweza kutaja aina. Aina ni muhimu jamani, sindano ya imidokabu inafanya kazi vizuri kwa babesia kubwa lakini gibsoni haiondoki nayo kirahisi, inahitaji dawa nyingine kabisa.

Ningekuwa mimi ndo namtibu, kwa mbwa aliyelegea, ametolewa kupe juzi tu, na vipimo vya damu vikionyesha imeshuka, ningechukua damu ya PCR kwanza halafu nianze tiba bila kungoja majibu. Ila mistari hiyohiyo ikitoka kwa mbwa anayekula na kukimbia, nisingemchoma. Hebu piga hesabu: mbwa 1,000 wanaoonekana wazima tu wakipimwa, kumi ndo wana ugonjwa, na kipimo kinakosea mara 5 kwa kila wazima 100. Hapo utapata karibu mbwa 50 wanaoambiwa wagonjwa na hawana kitu, dhidi ya hao kumi. Kipimo ni kilekile, kilichobadilika ni mbwa uliyempima.

SWALI: Dokta, nimechukua mbwa aliyekuwa anazurura, kapimwa minyoo ya moyo, majibu hana. Nitulie?

JIBU: Bado. Kipimo kile kinatafuta protini ya minyoo jike waliokomaa, na mnyoo akishaingizwa na mbu anachukua kama miezi 6 kukomaa. Kama aling'atwa mwezi uliopita leo huwezi kumwona, na akiwa na madume peke yake hutamwona kabisa. Mwombe daktari amwanzishie kinga sasa, na umrudishe kupimwa baada ya miezi 6. Siku ikitoka anao, usikubali tiba ya kuua minyoo wakubwa kabla ya kurudia kwa kipimo cha pili, kwa sababu minyoo wakifia kwenye mishipa ya mapafu wanaweza kuiziba, na hiyo ni hatari hata kwa mbwa aliyekuwa anaonekana yuko sawa.