Namba 3 si nusu: ninavyosoma hatari ya maporomoko ya theluji Uswisi

Kila jioni saa kumi na moja, msimu wa baridi, SLF, taasisi ya Davos inayochunguza theluji na maporomoko yake, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa milima ya Uswisi. Asubuhi saa mbili huitoa tena ikiwa imerekebishwa. Ni bure, iko mtandaoni na kwenye programu ya simu iitwayo White Risk, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Kiswahili hakimo, na ndiyo maana jamaa zetu wanaoishi huku jimbo la Graubünden, pamoja na wageni wao, hunitumia picha ya ramani wakiuliza: "Leo twende?"

Binamu yangu aliyekuja kutoka Moshi aliitazama ramani yenye rangi ya chungwa akaniambia, "Dada, 3 kati ya 5 si nusu tu hiyo? Mtihani huo nimeshafaulu." Nilicheka, lakini karibu kila mgeni huisoma hivyohivyo. Na wenyeji wengi pia, kwa siri.

Kipimo hiki kina ngazi 5 na kinatumika Ulaya nzima tangu 1993. Ya 1 ni hatari ndogo, ya 2 ni ya wastani, ya 3 ni si haba, ya 4 ni kubwa, ya 5 ni kubwa mno. Sifuri haipo. Hatari haipandi kwa hatua zinazolingana: Werner Munter, kiongozi wa wapanda milima wa Uswisi aliyebuni njia ya kukadiria hatari hizi, aliichukulia kuwa inaongezeka maradufu kila ngazi. Kwa hesabu yake ngazi ya 3 ina hatari mara nne ya ngazi ya 1, na hiyo ya 1 nayo bado inaua watu.

Ngazi ya 5 ndiyo inayoogopesha zaidi, lakini kwa mtembezi si ndiyo yenye mtego. Februari 1999 ilipotangazwa, maporomoko yalishuka hadi kwenye nyumba za watu: 12 walikufa Evolène, hapa Uswisi, na jirani zetu wa Galtür, Austria, walipoteza watu 31 siku moja. Siku ya namna hiyo barabara hufungwa, treni hazipiti, na hakuna wa kukushawishi utoke. Ngazi ya 3 haina kelele. Theluji mpya imetulia, jua limechomoza, mbingu ni bluu, marafiki wanapandisha picha kwenye kundi la WhatsApp. Takwimu za SLF zinaonyesha kwamba ngazi hiyo hutangazwa takriban siku 3 kati ya 10 za msimu, lakini karibu nusu ya vifo hutokea siku hizo. Na katika ajali za watembezi na wateleza kwenye theluji, takriban 9 kati ya 10 poromoko limeanzishwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake wa msafara. Mlima haukuwafuata, wao ndio walioukanyaga.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: namba isome mwisho. Anza na wapi. Chini ya ramani kuna duara la pande za dunia lililotiwa rangi nyeusi upande wenye hatari, na kando yake kimo. Mfano: miteremko inayotazama magharibi, kaskazini hadi mashariki, juu ya mita 2,200. Huku upande wa kaskazini wa mlima haupati jua la maana miezi ya Desemba na Januari, hivyo theluji yake hukaa na udhaifu wake wiki nyingi. Ukiwa na taarifa hiyo mkononi unaweza kuamua kutembea msituni mita 1,700 upande wa kusini, ukarudi salama huku umefurahi. Mara nyingi hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza: twendeni, ila si huko.

Halafu soma kwa nini. Taarifa hutaja tatizo la siku: theluji mpya, theluji iliyosombwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani, theluji iliyolowa, au theluji inayoteleza yote kwa pamoja juu ya majani. Theluji ya upepo unaweza kujifunza kuiona kwa macho: mawimbi madogo juu yake, ukingo wa kilele uliovimba upande mmoja. Upepo mkali ukichanganyika na baridi, hata sentimita 10 hadi 20 za theluji mpya zinatosha kuleta balaa.

Ninaloliogopa mimi ni tabaka la zamani, kwa sababu halionekani. Mkufunzi wetu kwenye kozi ya mlimani alichimba kwa koleo shimo la kina cha mita moja, akasawazisha ukuta wake, akatuambia tusukume mkono ndani, tabaka baada ya tabaka. Juu ngumi iliingia bila shida. Chini yake kulikuwa na bamba gumu, kidole kimoja tu ndicho kilichopenya, na kwa taabu. Karibu na ardhi ngumi ikazama tena, na nilipoukunjua mkono chembe zikamwagika kama sukari. Hazikushikana hata kidogo. Bamba zito lilikuwa limelalia kitu hicho. Mtu mmoja akipita juu, chembe zile hubomoka, mpasuko hukimbia chini kwa chini, na bamba zima huachia. Ukisikia mlio mzito "wuum" chini ya miguu, au ukaona ufa unachanika mbele yako, ni hilo hilo limeanza. Toka kwenye mteremko kwa njia uliyoingilia. Lakini shimo lisikupe kiburi: mita 20 mbele tabaka linaweza kuwa tofauti kabisa.

Kisha mwinamo. Maporomoko ya bamba yanahitaji mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, na hapa ramani ya mtandaoni ya swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, ni rafiki mkubwa, maana inapaka njano nyuzi 30 hadi 35, rangi ya chungwa hadi 40, nyekundu hadi 45, na zambarau zaidi ya hapo. Kanuni rahisi ya Munter ninayoifuata ni hii: ngazi ya 2 nabaki chini ya nyuzi 40, ngazi ya 3 chini ya 35, ngazi ya 4 chini ya 30. Na siangalii chini ya miguu yangu tu. Siku ya ngazi ya 3 unaweza kuwa unatembea bondeni kwenye tambarare, ukaangusha mteremko ulio juu yako. Watu wa viatu vipana vya theluji hulisahau hili sana, wakidhani hatari ni ya wenye skii.

Mgeni asiyetaka somo hili lote ana njia ya mkato, tena nzuri: njia za kutembelea zenye vibao vya waridi, na viwanja vya skii vilivyofunguliwa. Hizo zinakaguliwa, na zikiwa hatarini hufungwa. Kamba ikifungwa njiani, usiiruke. Ukiwa umepanda Kilimanjaro hadi Uhuru, hongera, lakini huko hukufundishwa haya.

Machi na Aprili mambo hubadilika: asubuhi theluji imeganda na ngazi ni ndogo, adhuhuri imelowa na ngazi imepanda. Mimi hutaka saa sita iniwahi nikiwa mgahawani.

Ukitoka nje ya njia za vibao, kila mtu abebe vitu vitatu: kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, fimbo ndefu ya kuchoma theluji, na koleo. Aliyefukiwa akipatikana ndani ya dakika 10 za mwanzo ana matumaini makubwa. Baada ya hapo yanaporomoka upesi, na helikopta mara nyingi haijafika. Kwa hiyo anayekuokoa ni uliyekuja naye. Namba ya Rega, waokoaji wa helikopta, ni 1414; ukiwa jimbo la Wallis piga 144. Simu iweke mbali na kifaa cha mawimbi: sentimita 20 unapotembea, 50 unapotafuta, maana inakivuruga. Fanyeni zoezi uwanjani kabla ya kupanda basi, na mkubaliane mapema kwamba mmoja akisema turudi, wote mnarudi bila mjadala.