Jaketi okozi la mtoto mwembamba: pima kilo na kifua, umri weka kando

Mkuu, umeuliza kuhusu mwanao wa miaka 8, kilo 19, mwembamba na anarefuka haraka. Mnavuka mara kwa mara kwenda kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, na kila jaketi okozi analojaribu linampanda masikioni. Wauzaji wanakupa la "miaka 8 hadi 10". Umri haufai kitu hapa. Angalia lebo ya ndani: lazima iandike kilo, na nyingi huandika pia mzunguko wa kifua. Lisilo na lebo liache dukani.

Mpime kifua chini ya kwapa kwa futi kamba, akiwa na sweta atakalosafiri nalo. Kwa kilo 19 chukua la 15–20. La 20–30 lisubiri mpaka mizani iseme, hata kama kwa urefu anaonekana kulifikia. Najua inauma kununua kitu kitakachomwacha mapema, lakini sare ya shule ndiyo ya kununua kubwa akue nayo. Jaketi hapana.

Akishalivaa, funga zipu na klipu zote, kaza mikanda ukianzia ya kiunoni. Kati ya mkanda na mwili vipite vidole viwili tu. Sasa ainue mikono, nawe shika jaketi mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likifika kidevuni au masikioni ingawa umekaza mpaka mwisho, ni kubwa.

Sababu ni hii: majini jaketi linaelea na mwili unaning'inia chini yake. Mtoto mnene kidogo huzuiwa na tumbo. Mwembamba hana cha kulizuia, anateleza chini, na mdomo unaingia majini huku jaketi likielea vizuri kabisa. Ndiyo maana kwa mwanao mkanda wa kupita katikati ya mapaja ni wa lazima. Kama jaketi halina, fundi anayeshona mabegi anaweza kuuweka: utepe wa nailoni wa upana wa sentimita 3 au 4, wenye klipu, ushikizwe kwenye mkanda wa kiunoni nyuma na mbele. Asitoboe kitambaa kinachofunika sponji. Ukaze mpaka jaketi lisipande, ila aweze kuchuchumaa.

Kwa safari ya ziwani tafuta lililoandikwa Newton (kipimo cha nguvu ya kuelea) 100 au zaidi, lenye kola nene nyuma ya shingo. Hilo limeundwa kumgeuza mtu uso juu. La Newton 50 ni la anayejua kuogelea, karibu na msaada.

Kuna majaketi yanayojazwa sponji ya godoro, na hiyo hunywa maji. Kulijaribu, lizamishe jaketi kwenye beseni, weka tofali juu, liache usiku kucha. Asubuhi litundike mpaka maji ya kitambaa yachuruzike, kisha libane kwa mikono. Likiendelea kumwaga maji kila ukilibana, halifai.

Mjaribu kwenye bwawa la kuogelea, si ufukweni penye magugu, maana kichocho kipo. Ukiwa naye, alegeze mwili na kuegemea nyuma. Kidevu kibaki juu ya maji bila yeye kukaza shingo.

Rudia kumpima kila likizo. Kifua kikigoma kufungika, au ncha ya chini ya jaketi ikiwa imepanda mbali juu ya kiuno, mpe mdogo wake anayelitosha kwa kilo.

Safarini alivae kabla ya kupanda na alivue akishashuka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, kwa hiyo usimvulie kwa kuwa mmeiona nchi kavu. Usitegemee la chomboni: mtoto wa kilo 19 huchomoka kwenye jaketi la mtu mzima. Na asilikalie kama mto, sponji hubonyea na kupoteza nguvu ya kuelea. Mkifika nyumbani lianikwe kivulini, jua kali linaozesha uzi na kitambaa.