Altimita kwenye glaida ya rimoti: siku glaida yangu ilipopita "chini ya ardhi"

Wale mnaoanza glaida za rimoti (vindege vya kuelea hewani) na mnataka kufunga altimita, yaani kifaa cha kukwambia urefu, mjue kwanza hako kadude ka gramu chache hakapimi urefu, kanapima presha ya hewa halafu kanapiga hesabu. Karibu na usawa wa bahari ukipanda mita moja presha inashuka kama paskali 12 tu, yaani kiduchu, kwa hiyo chochote kinachochezea hewa ndani ya bodi ya glaida kitakupa mita za uongo.

Mi nilijifunza kwa aibu. Nilitoboa tundu puani ili betri na mota vipate upepo, huko nyuma nikaziba kila kitu nikajiona fundi, sa siku hiyo nikaishusha kwa kasi ikanipita mbele usawa wa kichwa, jioni nafungua grafu kwenye simu pale ilipopita naona mita 15 chini ya nilipoirushia! Nikajua sensa (hicho kipima presha) imekufa, kidogo ninunue nyingine. Kumbe hewa inaingia puani haina pa kutokea, inajisukuma humo ndani, na kwenye mita 20 kwa sekunde msukumo wake unafika kama paskali 240, we gawanya kwa 12 uone. Nikatoboa nyuma matundu makubwa kuliko la mbele, sensa nikaifunika kipande cha sponji, ikatulia. Ila usiibandike selotepu juu ya katundu kake, lazima ipumue. Halafu kuna sensa kama MS5611 hazipendi mwanga, jua likiipiga namba zinarukaruka, kwa hiyo sponji iwe nyeusi.

Joto nalo linasumbua, usiiweke imegusana na kile kinachoendesha mota. Na nyingi zinaweka sifuri pale unapochomeka betri, ukichomekea ndani ya gari lenye joto ukarusha hapo hapo usishangae ikitua inakwambia iko mita kadhaa hewani, we iache nje dakika chache ndo uchomeke.

Wenye hamu ya mashindano ya F5J (ya glaida za rimoti zenye mota ya kupandia) hapa ndo pointi zinapopotelea. Mota mwisho sekunde 30, na kila mita ya urefu wa kuanzia inakukata nusu pointi mpaka mita 200, ukizidi hapo kila mita pointi 3. Sasa mgeni anazima mota akikadiria kafika mita 150 anadhani kaandikiwa 150, wakati kifaa kinachukua urefu wa juu kabisa mpaka sekunde 10 baada ya kuzima, na glaida iliyokuwa inapanda wima mita 15 kwa sekunde itaendelea kupanda karibu mita 11 bila mota. Laza pua kwanza ndo uzime. Mi naanza kulaza mita 20 kabla, na bado siku za upepo najikuta nimezidisha.