Maswali yenu: mp3 ya kuchomeka memori kadi

Inbox imejaa maswali ya hizi mp3 ndogo, nimechukua yale yanayojirudia.

Nataka ya mazoezi. Ninunue yenye GB 32 ndani au yenye GB 8 na sehemu ya kadi?

Ya kadi, wala usijiulize mara mbili. Memori ya ndani ikijaa ndo basi tena, ila kadi unakuwa nayo moja ya bongo fleva moja ya kaswida unabadilisha tu. Na nafasi yenyewe hamalizi mtu, wimbo wa mp3 wa 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti) unakula karibu MB 1 kwa dakika kwahiyo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo za dakika 4 zaidi ya 7,000, utazisikiliza lini zote hizo? Labda uwe mtu wa FLAC (faili za sauti zisizopunguzwa ubora), huko wimbo mmoja unaweza fika MB 30.

Nimeweka kadi ya GB 64, mp3 inasema hakuna kadi, kwenye simu inasoma fresh.

Kadi nzima hiyo dada. Mp3 nyingi za bei chee zinajua kadi za aina ya SDHC tu, yaani mwisho GB 32 na fomati (namna kadi inavyopanga faili) ya FAT32, sasa ya 64 ni aina ya SDXC inakuja na fomati nyingine, exFAT. Hamishia vitu vyako kwenye kompyuta kwanza (kufomati kunafuta kila kitu!), halafu ifomati FAT32 kwa programu ndogo kama guiformat, mara nyingi inakubali. Ikigoma, rudi kwenye 32.

Kadi ya GB 128 nimeipata kwa bei ya soda, nyimbo za mwanzo zinapiga, zingine kimya.

Pole kaka, umepigwa. Hiyo ni feki, wanachukua kadi ya GB 8 mfano, wanaichezea ile chipu inayoongoza kadi ili idanganye kompyuta kwamba ni 128, unakopi faili zote majina unayaona kabisa ila zilizozidi ile nafasi ya kweli hazipo, au zimeandikwa juu ya zingine. Kufomati hakusaidii. Siku nyingine ukinunua usianze na nyimbo, ipime kwanza na programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac, inaijaza kadi mpaka mwisho halafu inasoma kama kilichoandikwa ndo kilichopo. Inachosha, kadi kubwa inaweza kula masaa, iache ijipime wewe kalale. Ila usiogope ukiona ya GB 32 kompyuta inaandika 29 na kitu, hapo ni namna Windows inavyohesabu, hujaibiwa.

Mawaidha yangu yanapigwa ovyo, sehemu ya 5 inakuja kabla ya 1.

Mp3 nyingi za bei rahisi haziangalii jina, zinafuata mpangilio wa faili zilivyoingia kwenye kadi. Futa folda, kopi upya moja moja kuanzia 01.

Nimeuziwa iPod nano used, kadi naichomeka wapi?

Hakuna pa kuchomeka, Apple hawakuwahi kuweka sehemu ya kadi kwenye iPod yoyote mpaka wanaacha kuzitengeneza 2022. Kwa used tafuta mp3 ya SanDisk Clip+, ya kitambo lakini inakula microSD (zile memori kadi ndogo), na uende na kadi yako uijaribu palepale kabla hujatoa hela.