Kipindi Kimerekodiwa Sebuleni, Mama Yuko Ghorofani

Mama alihamia kwetu Buruburu baada ya upasuaji wa nyonga. Nyumba hizi mnazijua: sebule na jikoni chini, vyumba vya kulala juu, na ngazi nyembamba zenye kona katikati. Tulimpa chumba cha juu kilicho karibu na bafu, na daktari akasema ngazi azipande kwa nadra. Runinga ikabaki chini. Na Mama, tangu nipate akili, sijamwona akiikosa taarifa ya habari ya saa moja kwa hiari yake.

Siku za kwanza tulimshika mkono ashuke. Wiki ya tatu akaanza kusema, "Leo acheni tu, mwanangu, nimechoka." Hakuwa amechoka. Aliwasikia watoto wakigombania rimoti, naye hakutaka kuonekana mzigo. Jambo hilo liliniuma sana, maana mtu aliyenilea hapaswi kuomba nafasi mbele ya runinga nyumbani kwangu.

Nikamnunulia runinga ndogo ya inchi 32, nikadhani nimemaliza. Kumbe dawa za jioni humlaza. Saa moja inamkuta usingizini, kisha huamka saa tatu akiwa macho kabisa, na saa tatu habari ni za Kiingereza. Kwa hiyo kumpelekea skrini hakukutosha. Ilibidi kipindi chenyewe kimsubiri hadi aamke, tena kimfuate chumbani.

Nimepitia njia kadhaa kabla ya kupata inayofaa, na nyingine zilinigharimu. Ukiwa na mzazi, mgonjwa au mtoto wa kidato cha nne anayesoma usiku na kukosa vipindi vyake, haya yatakusaidia.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: kabla ya kununua chochote, jua kama ulichorekodi kinaweza kuchomolewa kikachezwa kwingine. Watu wengi hudhani kurekodi ni kurekodi. Sivyo. King'amuzi cha kulipia chenye diski ndani huandika kipindi kwa siri yake chenyewe. Hata ukiitoa diski ile ukaipachika kwenye laptopu, hutaona kitu cha kuchezeka. Ukitaka chumba cha pili kiwe na chaneli hizo, unabaki na mipango ya kampuni yenyewe, kama vile XtraView ya DStv, ambayo huunganisha ving'amuzi kwenye usajili mmoja kwa ada ya ziada. Njia nyingine ni kugawa picha: kigawanyi cha HDMI sebuleni na waya hadi juu. Hapo vyumba vyote viwili vitaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, yaani ugomvi wa rimoti umeuhamishia ghorofani. Kwa mume na mke wanaopenda vipindi sawa inafaa. Kwa Mama na wajukuu, haifai.

Runinga zenyewe zina mtego wake. Nyingi za kisasa hukuruhusu kupachika diski nyuma na kurekodi chaneli za bure. Nilijaribu. Diski niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa na picha za mazishi ya Baba. Runinga ikatoa maandishi ya Kiingereza, mistari miwili, nami nikabonyeza OK kwa haraka kwa sababu habari zilikuwa zinaanza. Ilikuwa inaomba ruhusa ya kuifuta diski yote ili iipange upya kwa namna yake. Baadhi ya picha tulizipata kwa binamu yangu wa Nakuru, nyingine hatukuzipata tena. Na hata baada ya hasara hiyo, kilichorekodiwa kilichezeka kwenye runinga ile ile tu. Nilipoipeleka diski chumbani kwa Mama, runinga yake haikuitambua. Tafadhali, diski ya kurekodia iwe mpya na tupu. Usiguse yenye kumbukumbu za familia.

Kilichonifaa ni king'amuzi cha kawaida cha chaneli za bure. Tangu matangazo ya analojia yazimwe mwaka wa 2015, Kenya hutumia mfumo wa dijitali wa DVB-T2, na ving'amuzi vingi vya mfumo huo vina tundu la USB. Unapachika flashi, unabonyeza kitufe cha kurekodi, unapata faili ya kawaida ambayo mara nyingi jina lake huishia na ts. Nasema vingi, si vyote, maana vingine navyo hufunga faili. Nilipokwenda Barabara ya Luthuli, penye maduka ya elektroniki jijini Nairobi, nilibeba flashi na laptopu yenye VLC, programu ya kuchezea video. Nikamwomba muuzaji aunganishe king'amuzi pale dukani, tukarekodi dakika tano, nikachomoa flashi nikaicheza kwenye laptopu juu ya kaunta. Cha kwanza hakikucheza, cha pili kikacheza. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukatalia jaribio la dakika tano, na akikataa, mtaa ule una maduka mengine mlango kwa mlango.

Sasa flashi. Ukiinunua, mara nyingi imepangwa kwa FAT32, mpango usioweza kubeba faili moja inayozidi GB 4. Chaneli ya kawaida, isiyo HD, ikirushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde, hula takriban GB 1.35 kila saa. Kwa habari za saa moja huwezi kuona tatizo. Nililiona Sikukuu ya Madaraka. Mpwa wangu alikuwa na kikundi cha ngoma kilichoalikwa kwenye sherehe, na Mama alikuwa amehesabu siku. Niliwasha kurekodi saa moja asubuhi, nikatoka. Jioni tukaketi wote kitandani kwa Mama, tukapita gwaride, tukapita bendi, na saa nne na dakika chache picha ikakatika. Faili ilikuwa imejaa. Kikundi cha mpwa wangu kilicheza baadaye. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi atakuja mwenyewe atuchezee hapa." Mtoto alikuja Jumapili akacheza, lakini lile la uwanjani lilikwisha kupita. Baadhi ya ving'amuzi hukata faili vipande na kuendelea, changu hakikufanya hivyo. Kama chako kinakubali NTFS au exFAT, mipango inayobeba faili kubwa zaidi, ipange flashi upya kabla ya kuanza. Kama hakikubali, weka ratiba ya kurekodi kwa vipande vya saa mbili mbili.

Ukipendelea diski kubwa badala ya flashi, sikiliza mlio wake. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500 tu, na diski nyingi zinapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Ikilia tik, tik, tik kisha ikapotea, mara nyingi haijaharibika, haishibi umeme. Inunulie kigawanyi cha USB chenye plagi yake ya ukutani.

Pia angalia saa ya king'amuzi. Changu kilitoka dukani kikiwa kwenye saa za GMT, na Nairobi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo siku mbili nilirekodi vipindi vya saa nne usiku nikidhani ni habari. Kisha ongeza dakika tano kabla na kumi na tano baada, maana vipindi huchelewa, hasa kukiwa na mpira au hotuba.

Miezi ya kwanza kazi ya kupeleka flashi juu ilikuwa ya kifungua mimba wangu. Habari zikiisha anachomoa, anapanda, anampachikia shosho yake. Ilikwenda vizuri hadi alipoenda bweni. Ndipo nikaona vipindi vikae mahali pamoja, kila chumba kivichukue kutoka hapo.

Watu watakwambia nunua mashine maalumu. Mimi nilitumia laptopu ya zamani ya mke wangu, iliyovunjika kioo lakini betri yake ingali hai. Betri hiyo ni faida: stima ikipotea mtaani, laptopu haizimiki ghafla katikati ya kuandika, na faili haziharibiki. Niliiwekea Jellyfin, programu ya bure inayopanga video na kuzigawa kwa runinga na simu zote za nyumbani. Baadaye nikaongeza kidude cha USB cha kupokea DVB-T2, nikakiunganisha na antena, na programu nyingine ya bure iitwayo Tvheadend ndiyo inayorekodi kwa ratiba. Sasa hakuna anayebeba flashi. Habari za saa moja zikiisha, saa mbili tayari ziko kwenye orodha ya Mama. Ila kidude hicho ni cha chaneli za bure tu, zile zinazorushwa bila kufungwa. Za kulipia hazifunguki humo.

Kama laptopu ya ziada huna, chungulia nyuma ya rauta. Baadhi zina tundu la USB na uwezo wa DLNA, yaani wa kugawa video kwa vifaa vya nyumbani, na runinga nyingi zinazoshika intaneti huiona diski hiyo zenyewe. Rauta mnazopewa na kampuni za intaneti mara nyingi zimefungwa sehemu hiyo, kwa hiyo uliza kwanza. Na runinga ikikuonyesha picha bila sauti, usimwite fundi bado. Mara nyingi ni kwamba haifahamu aina ya sauti iliyotumika. Cheza kwa VLC au Kodi na sauti itarudi.

Majirani huniuliza, "Na bando je?" Hailiki. Video inatoka kwenye laptopu yako, inapita rauta yako, inaingia runinga yako. Haitoki nje ya geti. Hata intaneti ikikatwa mwisho wa mwezi, Mama anatazama. Hiyo ndiyo tofauti na kutafuta habari hizo YouTube, ambako kila anapotazama data huliwa upya.

Kinachosumbua ni Waifai. Nyumba zetu ni za mawe, na kati ya chini na juu kuna zege. Rauta iko nyuma ya runinga ya sebuleni. Kwa Mama, sura ya msomaji wa habari ilikuwa ikivunjika vipande vya mraba, mdomo huku, macho kule, kisha inaganda. Mawimbi ya 5GHz yana kasi lakini ukuta wa mawe huyameza. Ya 2.4GHz hupenya zaidi ila yamesongamana na ya majirani wote. Nilihamisha rauta mara tatu. Nikanunua kiongeza mawimbi. Pesa hizo ningezitumia mapema kwenye waya.

Waya ndio dawa. Fundi alipitisha waya wa intaneti wa Cat6 kutoka kwa rauta, ukapanda kando ya ngazi ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta, hadi nyuma ya runinga ya Mama. Mita kumi na nane, asubuhi moja. Waya wa namna hiyo hufanya kazi hadi mita 100, kwa hiyo hata aliye na kijumba cha uani atafika. Tundu la kawaida la runinga hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, na kipindi chetu kinahitaji 3. Tangu siku ile picha haijaganda hata mara moja. Ukiwa mpangaji, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Mfereji wa gundi hauhitaji kutoboa isipokuwa mahali pa kupenya dari, na hapo pengine kuna tundu la antena la zamani.

La mwisho ni majina. Mashine huandika faili kama mlolongo wa tarakimu, na mzee hawezi kuchagua kati ya tarakimu ishirini. Nilitengeneza folda moja yenye neno MAMA kwa herufi kubwa, juu kabisa ya orodha, na ndani yake kila siku huitwa kwa jina lake: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ya wiki iliyopita hujifuta yenyewe, isipokuwa ile ambayo amesema iachwe. Kwenye rimoti yake nilibandika kipande cha plasta nyekundu juu ya kitufe cha OK.

Jana usiku nilipita mlangoni kwake saa nne kasoro. Alikuwa ameketi na mto mgongoni, na msomaji wa habari alikuwa amesimamishwa katikati ya neno kwa sababu Mama alikuwa anachukua miwani.