Swali la lugha: Miamba tabaka au miamba mashapo?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia, kwetu ni Kisauni. Nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wa sekondari watakaotembezwa Fort Jesus, Changamwe na Mazeras waone miamba. Kitabu kimoja kinasema miamba tabaka, kingine miamba mashapo. Sijui pia niseme jiwe au mwamba, maana babu yangu ni mvuvi na kwake mwamba uko baharini tu. Na mahali miamba hiyo ilipoanzia nimepaita 'mazingira ya uwekaji', lakini mwenzangu anasema haelewi. Nisaidie."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Andika miamba mashapo, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope au maganda ya viumbe yaliyokusanyika. Ukipenda kuandika miamba ya mashapo, hujakosea pia. Miamba tabaka sikushauri, na sababu utaiona kwa macho yako siku hiyohiyo ya ziara.

Tabaka ni sura, si asili. Panda Taita uangalie mawe ya vilima vile: yana mistari myeusi na myeupe iliyopangana vizuri kabisa, na mwanafunzi aliyefundishwa "miamba tabaka" ataapa kwamba ndiyo hiyo. Kumbe ile ni miamba geu, iliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Lava ya Bonde la Ufa nayo ilimwagika mara kwa mara, mmiminiko juu ya mmiminiko, ikaacha matabaka. Sasa mrudishe mwanafunzi huyohuyo Mombasa, msimamishe chini ya ukuta wa Fort Jesus, umwambie atafute matabaka ndani ya jiwe lolote. Mara nyingi hataona hata moja. Ataona duara za matumbawe zenye mistari myembamba kama miale, vipande vya kombe, vitundu vitundu, na chokaa iliyovishika vyote pamoja. Hakuna tabaka, na bado ni mwamba mashapo usio na shaka. Neno linalomfanya mtoto aache jiwe la kwao na kushika la Taita halifai kufundishia.

Mashapo ni neno la nyumbani: kile kinachobaki baada ya kuchuja, au kinachoshuka chini ya chombo. Anayekunywa kahawa tungu mjini anayajua, huyaacha chini ya kikombe. Wanajiolojia wamechukua maana hiyo ya kushuka chini wakaipanua: mchanga, tope, changarawe, maganda ya viumbe, chochote kilichosafirishwa au kukusanyika juu ya uso wa dunia kabla hakijawa jiwe. Neno linaeleza chanzo, na chanzo ndicho kinachoyatenganisha makundi matatu ya miamba: mashapo, geu, na ile iliyotokana na uji wa moto.

Angalia upatanisho lakini, maana hapa wengi huteleza. Mwenye sentensi ni mwamba, si mashapo. Sema "miamba mashapo imefunikwa na udongo", usiseme "yamefunikwa". Ni kama garimoshi: linafika, haufiki, ijapokuwa moshi ndio tunaouona kwanza. Ila ukitaja mashapo peke yake, kabla hayajawa jiwe, basi "yametuama", "yamerundikana".

Kuhusu jiwe na mwamba, babu yako yuko sawa. Kwa mvuvi wa Mvita mwamba ni pale mawimbi yanapovunjika, na chombo kikigonga pale watu husema kimepanda mwamba. Maana hiyo ni halali na usiifute kwa ajili ya kitabu. Tofauti ya kawaida ni kwamba mwamba ni kitu kizima kilichokaa mahali pake, na jiwe ni kipande: unalichonga, unalijengea, unaliokota. Kwa hiyo andika "mwamba wa mchanga wa Mazeras" ukionyesha genge lenyewe, yaani ule ukuta wa mwamba uliosimama, na "jiwe la mchanga" ukiwapa wanafunzi kipande wakishike. Vivyo hivyo mwamba wa chokaa na jiwe la chokaa. Huko kwenye timbo, wachimbaji hawamwambii mnunuzi kwamba wanauza miamba. Wanauza mawe.

Na hapa Mombasa maana mbili za mwamba zinakutana mahali pamoja. Kisiwa chetu kimesimama juu ya mwamba wa baharini wa zamani. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilipanda mita kadhaa kuliko ilivyo leo, matumbawe yakaota, kisha maji yakashuka na kuyaacha nje. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walichimba handaki katika mwamba huohuo na kujenga kuta kwa mawe yake. Machimbo ya saruji ya Bamburi nayo yalikula matumbawe hayohayo. Mwambie babu kwamba mwamba anaovulia samaki leo ni mtoto wa ule anaoukanyaga akishuka mtumbwini. Ataelewa haraka kuliko wanafunzi.

Sasa lile la "mazingira ya uwekaji". Mwenzako hakuelewa kwa sababu kuweka kunataka mtu wa kuweka. Anayesoma anajiuliza: nani aliweka? Kwa jumla tumia "mazingira ya utuamaji", na kwa wanafunzi wa sekondari sema tu "mahali mashapo yalipotuama". Kutuama ni kitenzi cha maji yaliyotulia na cha vitu vinavyotulia ndani yake. Kwa tope la Changamwe kinakaa sawasawa: mwamba ule mwororo unaobanduka vipande vyembamba ulikuwa tope lililotuama polepole chini ya bahari katika enzi ya Jurasi, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ndani yake hupatikana visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, vya amonaiti, jamaa za ngisi na pweza waliokuwa wakiishi ndani ya gamba lililojiviringisha.

Lakini usikitumie kitenzi hicho kila mahali. Jambo hili nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu Kiswahili kinakupa vitenzi vinavyoeleza kazi iliyofanyika, na ukivichagua vizuri umeshafundisha nusu ya somo. Matumbawe hayakutuama. Yalijenga, au yaliota. Viumbe hai walitoa chokaa mwilini mwao wakajijengea nyumba juu ya nyumba za waliotangulia. Matuta ya mchanga ya Mambrui hayatuami hata kidogo: upepo huyarundika, huyabomoa, huyasogeza. Chumvi hubaki pale maji yanapokaushwa na jua, kama inavyovunwa kule Gongoni. Na mchanga wa Mazeras, huo mto uliukokota ukaurundika. Ndiyo maana punje zake ni kubwa, na ukitazama genge kutoka ubavuni utaona vijitabaka vilivyoinama vikikatwa na vingine vilivyolala. Vijitabaka hivyo huinamia kule maji yalikokuwa yakienda. Ndani ya mwamba huo kuna pia magogo yaliyogeuka jiwe, ushahidi wa miti iliyokuwa kando ya maji. Ni wa zamani kuliko tope la Changamwe, na ukiendelea kwenda bara kupitia Mariakani, Maji ya Chumvi hadi Taru, unazidi kukanyaga miamba ya zamani zaidi.

Epuka kusema mashapo "yaliganda" yakawa jiwe. Kuganda ni kwa kitu kilichokuwa kimiminika kikapoa, na tayari wapo wanaoita mwamba uliotokana na uji wa moto "mwamba wa mgando". Mashapo hugandamizwa na uzito wa yaliyo juu yake, kisha madini yaliyoyeyuka katika maji huingia kati ya punje na kuzishikamanisha. Hugandamizwa, hushikamana: vitenzi viwili, hatua mbili, na kila mtu anaelewa.

Majina ya mahali penyewe usiyatafute mbali. Pwani inayo yote. Fungu ni mchanga uliojikusanya majini ukaonekana bahari ikipwa. Hori ni mkono wa bahari unaoingia bara kama ule wa Tudor. Wangwa ni uwanda wa tope la chumvi nyuma ya mikoko. Kilindi ni maji ya kina, na Kilindini ilipata jina humo. Kila moja ya sehemu hizi ina mashapo yake leo hii: mchanga safi kwenye fungu, tope jeusi linalonuka penye mikoko, vipande vya matumbawe na kombe karibu na mwamba. Anayejua kuona tofauti hiyo bahari ikiwa imepwa anaweza kuiona pia ndani ya jiwe.

Usisahau yale mawe bapa yanayoitwa mazeras, yanayotandazwa kwenye ua na vijia. Baadhi yake yana viwimbi vilivyobaki juu kama mchanga wa ufuoni maji yanapoondoka. Waambie wanafunzi wainame na kupapasa kwa vidole. Waandikie "alama za viwimbi", wala usihangaike kutafuta istilahi nzito zaidi.

Kuhusu punje, tope, mchanga, changarawe na kokoto zinakutosha. Wanajiolojia huita mchanga punje zisizozidi milimita 2 ambazo bado unaziona kwa jicho. Ukitaja kipimo hicho mara moja mwanzoni, hakuna atakayekuuliza tena.

Uliniandikia mfano huu kutoka rasimu yako: "Miamba tabaka ya Changamwe iliwekwa katika mazingira ya bahari." Iandike hivi: "Miamba mashapo ya Changamwe ilikuwa tope. Tope hilo lilituama chini ya bahari, likafunikwa na tope jingine, likagandamizwa hadi likawa jiwe." Sentensi ni ndefu zaidi, nakubali, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili atakayeisoma amesimama mbele ya mwamba wenyewe hatahitaji umfafanulie chochote. Ukimaliza rasimu nzima niletee. Ningependa kuona utakavyoandika ile sehemu ya matumbawe.