Kansa ya utumbo mpana: anza kupima ukiwa na 45, sio 50

Umri wa kuanza kupima ni 45 kwa mtu ambaye hana dalili wala historia ya kansa hii kwenye familia. Ile 50 ambayo wengi bado wanaitaja ndo ilikuwa zamani, American Cancer Society (shirika la kansa la Marekani) walishusha 2018 na USPSTF, jopo la wataalamu wa Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga, nao wakafuata 2021, sababu kubwa ni kwamba ugonjwa umekuwa ukiongezeka kwa watu wa chini ya miaka 50. Nchi zingine bado zinaanzia 50 kwahiyo usishangae daktari wako akikutajia hiyo.

Ila kama mzazi, kaka, dada au mtoto wako amewahi kuugua hesabu inabadilika kabisa, unaanza na 40 au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, ile inayokuja mapema. Yani mama aligundulika na 45, wewe unaanza na 35, na hapo wengi wanaelekezwa kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa) moja kwa moja sio kile kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho.

Kwa wasio na historia hiyo kwenye familia kipimo cha choo cha kila mwaka kinatosha, ila kikionyesha damu lazima ufanyiwe kolonoskopi, usikiache hapo. Kolonoskopi ikiwa safi unakaa hata miaka 10 kabla ya kurudia.

Na jamani umri huu ni wa mtu asiye na dalili. Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa au unapungua uzito bila sababu nenda sasa hivi hata kama una 28, na usikubali kuambiwa ni bawasiri tu bila kupimwa.